Gurudumu la Nyuma Lifungue Mwenyewe

Kwa mwenye pikipiki ya spoti, tairi la nyuma ni gharama isiyokwisha. La mbele hukaa muda mrefu, na mara nyingi mtu hubadili la nyuma mara mbili kabla hajagusa la mbele, kwa sababu nguvu yote ya injini hupitia nyuma. Barabara zetu ndefu zilizonyooka zinazidisha tatizo. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, au Nairobi kwenda Mombasa, anakula katikati ya tairi huku mabega yakibaki karibu mapya. Tairi lililokuwa la mviringo linakuwa bapa. Pikipiki inagoma kuingia kona, halafu ikikubali inaanguka upande mmoja ghafla. Wengi hukimbilia kulaumu shokomzoba, kumbe ni tairi.

Ushauri wangu ni huu: gurudumu la nyuma lifungue mwenyewe, nyumbani kwako, pikipiki ikiwa juu ya stendi, na ulirudishe mwenyewe. Kulitoa tairi kwenye rimu na kuvisha jipya unaweza kumwachia mwenye mashine, na nitaeleza kwa nini. Lakini kufungua gurudumu na kulifunga ni kazi ya yule atakayeipanda pikipiki hiyo kwa kilomita 120 kwa saa. Mpira wenyewe ukikosewa kuvishwa, utavuja na utajua mapema. Bushi ikikosewa, mnyororo ukivutwa upande au nati ikiachwa nusu, hutajua mpaka uwe barabarani.

Rafiki yangu mmoja wa Mbezi alipeleka pikipiki nzima gereji kubadilishiwa tairi la nyuma. Ilirudi na tairi jipya linang'aa. Siku chache baadaye akaanza kusikia kitu kinasaga nyuma kila anapopunguza mwendo. Tulipofungua tukakuta bushi mbili za pembeni zimebadilishana nafasi: ya kushoto iko kulia, ya kulia iko kushoto. Gurudumu lilikuwa limesogea upande, diski inakwaruza kishikio cha kalipa, na sili ya vumbi imechanika mdomo. Yule fundi hakuwa mzembe kwa tabia. Alikuwa na pikipiki nyingine tatu zinamsubiri, na vyuma vyote alivimwaga kwenye beseni moja.

Mafundi wetu wa bodaboda ni hodari. Wanaziba pancha ya Boxer au TVS kando ya barabara kwa dakika chache, na wengi wetu wametuokoa. Ila ustadi huo umejengwa kwenye tairi jembamba lenye tyubu ndani na rimu ya chuma yenye spoki. Rimu ya pikipiki ya spoti ni ya aluminiamu ya kumiminwa, na haina tyubu: rimu yenyewe na mdomo wa tairi ndivyo vinavyozuia upepo usitoke. Leva ya chuma ikiteleza mara moja na kuchuna pale mdomo unapoketi, umepata mahali pa kuvujia. Nyundo ya chuma ikipigwa pembeni mwa rimu hiyo, unaweza kuondoka na ufa usioonekana.

Tuanze na tairi la kununua. Pikipiki nyingi za 600 huvaa nyuma 180/55 ZR17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. 55 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 99. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mbele yake utaona 73, maana yake tairi linabeba hadi kilo 365, na herufi W ndani ya mabano, maana yake limejengwa kwa mwendo unaozidi kilomita 270 kwa saa. Hata kama huna nia ya kufika huko, usishushe daraja hilo, kwa sababu linaonyesha pia jinsi tairi linavyostahimili joto.

Kuna mtindo wa kuvisha 190 kwenye rimu iliyopimiwa 180 ili pikipiki ionekane nene kwa nyuma. Siupendi. Rimu ya inchi 5.5 ikibana tairi lililo pana kuliko ilivyokusudiwa, umbo la tairi linabadilika na ile sehemu ya kulalia kona haikai tena kama mtengenezaji alivyoipanga. Fuata namba iliyo kwenye kibandiko cha swingiamu au kwenye kitabu cha pikipiki.

Halafu angalia umri. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: 2423 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka mingi kwenye joto la pwani limekwisha kukauka kabla hujalivaa. Michelin hushauri tairi likitimiza miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama lina nakshi za kutosha. Kwa matairi ya mtumba ushauri wangu ni mfupi: kwa gari fikiria, kwa pikipiki ya spoti acha. Huwezi kujua lilitembea bila upepo kiasi gani, wala kama lilitumika uwanja wa mashindano na kuchemka mara ngapi.

Aina nayo ina uzito. Kama wiki yako ni ya kwenda kazini na mwisho wa wiki ni safari ndefu, chukua tairi la safari, lile lenye mpira mgumu katikati na laini mabegani. Michelin Road, Pirelli Angel GT na zile za Bridgestone za mfululizo wa T zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Lile laini la mashindano litakufurahisha mwezi wa kwanza, na masika yakikukuta nalo likiwa jipya na halijapata joto, utaogopa hata mzunguko wa barabara.

Sasa stendi, na hapa nakuomba usiwe na haraka.

Stendi ya nyuma huinua pikipiki kwa kushika swingiamu, ile mikono miwili inayobeba gurudumu. Ziko za aina mbili. Moja ina vikalio bapa vyenye raba, vinavyopita chini ya swingiamu. Nyingine ina uma wenye umbo la V, unaoshika bobini, yaani vipande vya duara vyenye mfereji katikati vinavyofungwa kwa bolti pande zote mbili za swingiamu. Kama swingiamu yako ina matundu ya bobini, nunua bobini. Vikalio bapa vinaweza kuteleza unaposukuma nati ngumu, lakini uma ukishika bobini hautoki kirahisi. Yamaha nyingi hutumia nyuzi za milimita 6 na Suzuki nyingi za milimita 8, ila pima tundu lako kwanza, maana bolti ya nyuzi zisizolingana itaharibu aluminiamu ya swingiamu na hasara yake ni kubwa.

Pikipiki yenye swingiamu ya mkono mmoja, kama Ducati 916 iliyotoka mwaka 1994 na ndugu zake waliofuata, inahitaji stendi yake yenyewe inayoingia kwenye tundu la ekseli. Usijaribu kuifanyia ujanja.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea stendi nzuri kwa bei nafuu kuliko ya kuagiza. Mpelekee vipimo: upana kati ya bobini na bobini, kimo kutoka chini hadi bobini, kisha ongeza ili gurudumu liachane na ardhi kwa upana wa vidole vinne hivi. Kagua maungio. Pikipiki ya 600 iliyojaa mafuta ina karibu kilo 190, na karibu nusu yake itakuwa juu ya chuma hicho wakati mikono yako iko chini yake. Bomba jembamba la vitanda halifai.

Mahali pa kufanyia kazi pawe pa saruji, tambarare, pakavu. Ua wa mchanga au kifusi haufai: tairi moja la stendi likizama, pikipiki inalala. Kama huna saruji, tandika ubao mpana mnene wenye kutosha stendi nzima na gurudumu la mbele.

Kabla hujainua, legeza nati ya ekseli. Wanaoanza wengi huruka hatua hii. Nati hiyo imekazwa kwa nguvu nyingi, mara nyingi kuanzia Nm 100 hadi kupita 150, na kwenye Ducati za mkono mmoja hupita 200. Ukiivuta pikipiki ikiwa juu ya stendi, nguvu yote inakwenda kwenye kuisukuma itoke. Iache isimame kwa mguu wake wa pembeni, mtu aketi juu na kukanyaga breki ya nyuma, chomoa kotapini kama ipo, kisha tumia boksi spana ya saizi kamili na mpini mrefu. Ilegee tu, usiifungue. Ukikuta imeshika kutu, jambo la kawaida kwa pikipiki zinazolala karibu na bahari, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni na urudi asubuhi.

Kuinua: mara ya kwanza usiwe peke yako. Msaidizi ashike usukani upande wa kulia, wewe uwe nyuma kushoto. Pikipiki isimamishwe wima, mguu wa pembeni ukiwa bado umetolewa. Sukuma stendi mpaka uma zote mbili ziguse chini ya bobini, inama utazame kushoto, inama utazame kulia, usiamini mkono. Kisha kandamiza mpini chini kwa uzito wa mwili wako, taratibu, bila kushtua. Itapanda na kukaa. Itikise kidogo kwa upole kabla msaidizi hajaachia. Mguu wa pembeni uache vilevile nje. Mara moja funga leva ya breki ya mbele kwa kipande cha mpira wa kufungia mizigo na uweke kabari mbele na nyuma ya gurudumu la mbele, maana pikipiki ikisogea mbele hata kidogo inaweza kushuka kwenye stendi.

Nisemee hapa jambo lisilohusu tairi moja kwa moja. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, kuna wanaowasha injini, wakaingiza gia, wakashika kitambaa kwenye mnyororo unaozunguka ili wausafishe. Mnyororo ukivuta kitambaa unavuta na vidole hadi kwenye sproketi, na sproketi haijui kusimama. Vidole vimekatika kwa namna hiyo. Mnyororo husafishwa injini ikiwa imezimwa, gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Tandaza kitambaa cheupe sakafuni na upige picha kwa simu: kushoto, kulia, na alama za virekebisho vya mnyororo. Kila kinachotoka kilale kitambaani kwa mpangilio kilivyotoka, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia. Usiweke kopo, usiweke beseni.

Legeza virekebisho vya mnyororo pande zote mbili kwa mizunguko sawa, ukihesabu. Ondoa nati na washa yake. Ingiza ubao mwembamba chini ya tairi ubebe uzito wa gurudumu, na ekseli itatoka kwa kuisukuma. Ikikataa, igonge kwa nyundo ya mpira. Usigonge nyuzi kwa chuma hata mara moja, kwa sababu nyuzi zikipondeka hutaweza kurudisha nati. Sukuma gurudumu mbele, ondoa mnyororo kwenye sproketi na uulaze kwenye swingiamu juu ya kitambaa. Vuta gurudumu nyuma. Kishikio cha kalipa kitabaki kinaning'inia: kifunge kwa kamba kwenye swingiamu, kisibebwe na bomba la breki. Weka kipande cha kadibodi nene kati ya pedi, na umwambie kila mtu aliye nyumbani asiguse pedali ya breki. Mtoto akiibonyeza mara mbili, pistoni zitatoka na pedi hazitaachana tena kirahisi. Kama pikipiki yako ina ABS, sensa yake iko karibu sana na pete yenye meno. Toa kwa upole.

Gurudumu likiwa mikononi mwako, usilitupie fundi bado. Hii ndiyo faida ya kufungua mwenyewe. Upande wa sproketi huwa unavutika, na ndani yake kuna raba zinazopunguza mshtuko wa mnyororo. Zikiwa zimepasuka au zinacheza, badilisha sasa. Hazina bei kubwa. Ingiza kidole kwenye beringi uizungushe: iwe laini kabisa. Ukihisi chembechembe, kama mchanga, imekwisha. Angalia meno ya sproketi kama yameanza kulala upande mmoja.

Halafu chukua bushi moja uitazame vizuri kwenye mwanga. Pale mdomo wa sili unapogusa utaona mstari mwembamba unaong'aa, uliochimbwa kidogo na vumbi na miaka. Mstari huo unakuonyesha upande gani ulikuwa ndani na upande gani ulikuwa nje. Kama mtoto amepita na kuvuruga kitambaa chako, mstari huo ndio ushahidi wako. Futa bushi, paka grisi kidogo, irudishe mahali pake kitambaani.

Tairi lenyewe: mtaani kuna watu wanaolivua kwa leva nyumbani, na inawezekana. Toa kiini cha valvu mpaka upepo uishe kabisa. Vunja mdomo wa tairi kwenye rimu kwa kifaa chake au kwa klempu kubwa, pande zote mbili. Paka maji ya sabuni mazito. Siri yote iko kwenye bonde lililo katikati ya rimu: unapoinua mdomo upande mmoja, upande wa pili lazima uwe umesukumwa ndani ya bonde hilo kwa magoti. Anayelazimisha bila kufanya hivyo ndiye anayepinda rimu na kuchana mdomo. Leva ziwe ndefu, zipite juu ya vipande vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu, na kila hatua iwe ya sentimita 5 tu. Tairi jipya likikaa juani nusu saa linalainika na kazi inapungua. Gurudumu lisilalie diski kamwe; liweke juu ya tairi kuukuu.

Hata hivyo, kwa tairi la 180 lenye ubavu mfupi na mgumu, nakushauri kama huna kifaa cha kuvunja mdomo, peleka gurudumu peke yake kwa mwenye mashine ya kisasa ya kuvulia matairi, ile yenye kichwa cha plastiki, na usimame palepale. Mwambie abadilishe na valvu, kwa kuwa raba ya valvu huzeeka pamoja na tairi. Asafishe mahali mdomo unapoketi. Asipake oili wala grisi, kwa sababu vinakula mpira na vinafanya tairi liteleze kwenye rimu ukifungua gesi. Mshale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Hakikisha kabla hajavisha, maana umefika na gurudumu peke yake na yeye hajui diski ilikuwa upande gani. Ukiona nukta ya njano kwenye tairi, ilingane na valvu, kwani ndiyo sehemu nyepesi ya tairi.

Wakati wa kujaza upepo, mdomo huketi kwa mlio mkali, mara moja kila upande. Weka vidole mbali. Usiruhusu apitishe kiwango kilichoandikwa ubavuni kwa ajili ya kuketisha. Likikataa, upepo utolewe, sabuni iongezwe, ijaribiwe upya. Ukimaliza, tazama ule mstari mwembamba uliopo kwenye tairi karibu na rimu: uwe na umbali uleule kuzunguka gurudumu lote. Ukizama mahali pamoja, tairi halijaketi.

Mizani usiiache. Mwenye mashine akiwa hana ya pikipiki, ifanye nyumbani: pitisha ekseli safi kwenye beringi, ilaze juu ya vitu viwili vilivyo sawa, na uliache gurudumu lizunguke lenyewe. Sehemu nzito itashuka chini. Bandika uzito wa gramu 5 au 10 juu, upande wa pili, kwenye rimu uliyoifuta kwa spiriti, mpaka gurudumu lisimame popote unapoliacha.

Kurudisha ndipo subira inapohitajika zaidi, kwa sababu umechoka na jua limepanda. Anza na upande wa sproketi, kisha bushi zote mbili, kila moja upande wake. Futa ekseli na uipake grisi nyembamba. Sukuma gurudumu ndani, diski iingie kati ya pedi, na kishikio cha kalipa kikae kwenye njia yake ya swingiamu. Ekseli ikiingia kwa shida, simama: kuna kitu hakijakaa sawa. Usiigonge iingie. Inua gurudumu kidogo kwa ule ubao na mguu, na utaona inapita yenyewe.

Rudisha mnyororo, rudisha virekebisho kwa mizunguko uliyohesabu, halafu thibitisha kwa alama na rula: kushoto na kulia zisome sawasawa. Mlegeo wa mnyororo pimia mahali na kwa namna kitabu kinavyosema, baadhi ikiwa juu ya mguu wa pembeni, baadhi vinginevyo. Pikipiki nyingi za spoti hutaka kati ya milimita 25 na 45. Mnyororo uliokazwa sana ni mbaya kuliko uliolegea kidogo, kwa kuwa unakula beringi za sproketi ya mbele. Kabla ya kukaza nati, weka kitambaa kilichokunjwa kati ya mnyororo na sproketi kwa upande wa juu na uzungushe gurudumu kurudi nyuma mpaka kibane. Ekseli itavutwa mbele na kukaa kwenye virekebisho vyake. Kaza kiasi, toa kitambaa, shusha pikipiki chini, kisha maliza kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu. Kotapini iwe mpya. Spana ya toki ni ghali, lakini watu wanne wanaweza kuchangia moja.

Bado hujamaliza. Kanyaga pedali ya breki ya nyuma mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pedi zilikuwa zimeachana, na ukitoka getini bila kufanya hivyo, mguu wako utakwenda chini bila kitu. Fungua mpira wa breki ya mbele. Jaza upepo kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwa pikipiki nyingi za spoti ni psi 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Joto likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka karibu psi 2, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana Dar hakikuambii lolote la kuaminika.

Tairi jipya lina ngozi laini inayoteleza. Kilomita 150 za mwanzo ziende taratibu, ukiongeza mlalo wa kona kidogo kidogo, bila kufungua gesi kwa pupa na bila kubana breki ghafla, hasa kukiwa na mvua. Ukirudi kutoka safari ya kwanza, gusa kitovu cha gurudumu na diski: zikiwa za moto kupita kiasi bila ya wewe kutumia breki sana, kuna kitu kinakwaruza. Kesho yake asubuhi pima upepo tena, tazama nati, pima mnyororo.

Na tairi kuukuu ulilolitoa, lichane ubavu kwa kisu kabla halijatoka nyumbani kwako. Likitoka zima litasafishwa, litapakwa rangi nyeusi, litauzwa, na kijana mwingine atalivaa akidhani limebakiza safari kadhaa.